Mbwa Nilimtia Mimi

Kazi yangu ni kupima dagaa, Mwaloni Kirumba.
Gunia likishushwa nalitia mkono mpaka kwapani,
naibuka na konzi moja ya chini, naipepeta:
dagaa huku, mchanga huku,
gamba la konokono, uzi wa wavu.
Mchuuzi ananitazama kama mwenye kesi.
"Huyu ni wa Goziba," anaapa.
Nani alimwona akivuliwa?

Basi msiniulize haraka haraka
kama naamini ile habari ya Kayenze.

Kwamba watu saba walivuka ziwa juu ya jiwe,
jiwe likiogelea kama kiboko, kwa amri ya Seba;
kwamba mbele yao ilikwenda ngoma isiyo na mpigaji,
na nyuma, akihema, mbwa mweupe
aliyekataa kupanda.
Kwamba jiwe lilipochoka likakaa pale lilipo,
tunapoanikia kanga na mashuka,
na wa kwanza kushuka akapiga mstari wa unga ubavuni mwake:
Maji yatakuja kubisha hodi hapa.

Bibi Holo hakutusimulia. Alitukaririsha.
Majina saba, toka Ngasa hadi Nyanzobe,
na ukiruka moja unarudi mwanzo
ugali wako ukipoa.
"Jina ni figa," alisema. "Ling'oe, uone chungu."

Lakini shangazi yangu wa Kome anahesabu tisa.
Ukara wanasema haikuwa ngoma, ulikuwa ungo.
Katekista Paskali anasema huyo ni Musa, kapotea njia.
Na binamu yangu Lukelesha, mwalimu wa jiografia,
analigonga jiwe kwa ufunguo wa pikipiki:
"Mabilioni ya miaka. Halijasogea hata hatua."

Kisha ukaja mwaka ule ziwa lilipopanda.
Mwaloni tulipima tukiwa tumekunja suruali,
vyoo vikaelea, mizani ikala kutu.
Jumapili tukaenda Kayenze kutazama.
Maji yalikuwa yamesimama ubavuni mwa jiwe,
shibiri moja chini ya pale Bibi alipokuwa akipagusa kwa kidole.

Lukelesha alinyamaza kidogo.
"Ni mafuriko ya kale. Watu waliyaona,
wakayafunga ndani ya hadithi yasipotee."
Nikasema, basi kuna aliyeona.
"Aliona maji," akasema. "Hakuona jiwe likiogelea."
Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Jioni ile Bibi alikuwa akimenya karanga.
Nilimweleza yote, na ile shibiri moja.
Hakushangilia. Akapuliza maganda, akasema:
"Mbwa nilimtia mimi."
Bibi?
"Mama yako alikuwa na miaka minne.
Mbwa wake alichukuliwa na mamba, akakataa kulala.
Nikamtia mbwa majini, akaogelea, mtoto akalala.
Kesho yake akamdai tena. Akabaki."
Na ngoma? Na jiwe? Na wale saba?
"Hayo nilipewa," akasema,
kama mtu anayeonyesha kibuyu cha jirani.

Nimempima mwanamke huyo miaka mingi.
Ni yeye tu, kati ya wauzaji wote,
aliyenionyesha mchanga wake kwa mkono wake mwenyewe.
Je, hilo linafanya kilichobaki kuwa dagaa mtupu?
Mizani haisemi. Mizani inasema uzito.
Najua tu kwamba dagaa akianikwa hupoteza maji,
anakuwa mwepesi, anakunjamana,
na macho yanabaki.
Najua pia kwamba mchanga huingia palepale anapoanikwa,
si kwingine.

Juzi umeme ulikatika Igombe.
Binti yangu Limi, kichwa pajani pangu,
alikwisha taja majina saba bila kuruka.
Akaniuliza: na mbwa, alifika?

Mkono wangu ulikuwa ndani ya gunia mpaka kwapani.

Alifika, nikamwambia. Amelowa chepechepe.
Akajikung'uta, akawarushia maji wote saba.

"Au tisa," akasema Limi, usingizini.